Mwalimu wa Roho: Nani Akushike Mkono?



Juma hili tunapenda kujibu swali ambalo limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa vijana wetu, na ambalo wazee wengi wangependa tulimalize kwa neno moja tu. Swali ni hili: je, Mkristo aweza kuwa na guru? Simu za mkononi zimefika hata huku bondeni, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, na katika simu hizo kijana wa Kaoze humwona mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe, ameketi kimya, amezungukwa na umati unaongoja aseme neno moja. Kijana huvutwa. Mzazi akichungulia husema: huo ni ushetani, zima.

Sisi hatudhani kwamba kuzima simu kunatosha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, uliitaja dini ya Wahindu kwa jina, ukatambua jinsi watu wake wanavyoitafuta pumziko la roho kwa tafakuri na maisha ya kujinyima, na ukatufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Basi kabla ya kulaani, yatupasa kujua tunachokilaani ni nini.

Neno guru latoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ya kwanza ni kitu kizito, mtu mwenye uzito. Wahindu wenyewe hupenda kulifafanua kuwa ni yule anayeondoa giza. Na vile vitabu vyao vya hekima ya siri viitwavyo Upanishadi, jina lake hufasiriwa kuwa ni kuketi chini karibu na mwalimu. Mafundisho hayo hayakukusudiwa msomaji aliye peke yake chumbani. Mwanafunzi alihamia nyumbani kwa mwalimu, akachota maji, akakata kuni, akachunga ng'ombe, na siku moja, mwalimu alipoona moyo wake umelainika, akampa neno la sala la kurudia-rudia maisha yake yote. Mwalimu naye alilipokea kutoka kwa mwalimu wake, na huyo kutoka kwa wake, kama mwenge unavyopokezanwa. Kabir, mfumaji nguo wa Banaras aliyeishi katika karne ya 15, anakumbukwa kwa kumpa mwalimu heshima ya kwanza mbele ya Mungu mwenyewe, kwa sababu pasipo mwalimu asingemjua Mungu.

Hapo masikio ya Mkatoliki husimama, na ni haki yasimame. Tutarudi hapo. Lakini kwanza tukubali kwamba wazo lenyewe si geni kwetu. Mvuvi wa Ziwa Rukwa hakuujua upepo kwa kuusoma. Aliketi mtumbwini nyuma ya baba yake au mjomba wake miaka kadhaa, akanyamaza, akatazama. Na Kiswahili chetu kimelihifadhi jambo hili katika neno moja dogo. Somo ni lile tunalojifunza darasani. Somo, kwa watu wa pwani, ni yule mwanamke anayemfunda mwali na kubaki msiri wake. Na somo, kwetu sisi Wakatoliki, ni Mtakatifu ambaye twabeba jina lake tangu siku ya Ubatizo. Mafundisho, mfundaji na jina la mtu vimekaa katika neno lilelile, kana kwamba waliotuachia lugha hii walijua kuwa jambo la roho halifundishwi na karatasi tupu.

Wala hatuhitaji kwenda India kulikuta jambo hili. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na wakaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjabu. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga, ambao wazee wetu waliwaita pia Makalasinga. Dini yao ilianzishwa na Guru Nanak, aliyeishi kuanzia mwaka 1469 hadi 1539, na baada yake wakafuata walimu wengine tisa. Nyumba yao ya sala huitwa gurdwara, yaani mlango wa guru. Moja iko Makindu, katika barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na ilijengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote anayepita hapo, awe Mkristo au Mwislamu, tajiri au mwenye ndala zilizokatika, hukaribishwa chakula, na akichoka hupewa mahali pa kulala. Haulizwi dini wala hatozwi bei. Wote huketi chini pamoja, kwa sababu walimu wao walitaka mtu wa tabaka la juu na wa tabaka la chini wale sahani moja kabla ya kuzungumza habari za Mungu. (Tunawaomba wanaparokia wanaogombania viti vya mbele siku ya sherehe ya somo wa parokia wausome mstari huo mara mbili.)

Kuna mambo mawili katika historia ya Masingasinga ambayo tumeyatafakari sana juma hili.

La kwanza ni la mwaka 1699. Mapokeo yao yasimulia kwamba Guru Gobind Singh, mwalimu wa kumi, aliwakusanya watu wake akawaingiza watano wa kwanza katika udugu mpya, kwa kuwanywesha maji matamu yaliyokorogwa kwa upanga. Watano hao walitoka katika matabaka mbalimbali. Kisha yeye mwalimu akapiga magoti mbele yao, akawaomba wamwingize yeye pia kwa ibada ileile. Nasi tulio na Alhamisi Kuu, tulio na Bwana aliyejifunga kitambaa na kushika beseni, hatuwezi kulisikia jambo hilo bila kuguswa. Mwalimu anayeweza kupiga magoti mbele ya wanafunzi wake amejiwekea mpaka, na wanafunzi waliouona mpaka huo hawatamgeuza sanamu kwa urahisi.

La pili ni la mwaka 1708. Guru huyo huyo, alipokaribia kufa, hakumteua mtu wa kumrithi. Alikiweka Kitabu Kitakatifu, Guru Granth Sahib, kiwe ndicho guru wa kudumu. Tangu siku hiyo Masingasinga walio wengi hawamwiti mtu yeyote aliye hai kwa jina la guru. Walimu bado wanao, tena wenye kuheshimiwa. Pale Kericho, katika nchi ya mashamba ya chai, aliishi Puran Singh, fundi aliyefanya kazi karakanani na kusali usiku, ambaye watu walimwendea kutafuta shauri la roho. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akaanzisha huko Birmingham jumuiya ya kutumikia bila kutaka malipo, akafariki mwaka 1983. Gurdwara kubwa imejengwa Kericho mahali alipoishi na kufanya kazi. Wafuasi wake humwita Baba. Guru hawamwiti, maana kiti hicho kimekwisha kufungwa.

Hebu tulipime hilo. Watu waliomheshimu mwalimu kuliko karibu watu wote duniani, ndio waliofikia kusema: sasa basi, mtu asikalie tena kiti hiki. Hatudai kujua yote yaliyokuwa moyoni mwa Gobind Singh. Lakini kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, maana kiti cha mwalimu wa roho ni kiti cha hatari kuliko hata kiti cha mfalme. Mfalme hutaka kodi yako na mikono yako. Mwalimu wa roho hupewa dhamiri yako.

Na hatari hiyo si ya nadharia. Huko India kwenyewe, Gurmeet Ram Rahim Singh, aliyekuwa na wafuasi mamilioni, alihukumiwa mwaka 2017 kwa kuwabaka wafuasi wake wawili. Mwaka 2018 Asaram, mzee aliyeheshimiwa kama baba, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumbaka binti wa miaka 16. Lakini mtu asichekelee ya Wahindu. Tarehe 17 Machi 2000, pale Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea katika nyumba ya sala iliyofungwa, na baadaye makaburi mengine yakafukuliwa. Walikuwa wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi, waliosali Rozari kama sisi. Viongozi wao, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walidai kupata maono ya Bikira Maria, na padre mmoja aliyeasi alikuwa pamoja nao. Wafuasi waliuza mali zao, wakatenganishwa na ndugu zao, hata kusema wakakatazwa, wakawa wanaongea kwa ishara. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wamo watoto wengi.

Tuseme pia lile ambalo lingekuwa rahisi kulinyamazia. Jean Vanier, mlei Mkatoliki aliyeanzisha jumuiya za L'Arche kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, alifariki mwaka 2019 akihesabiwa na wengi kuwa mtakatifu. Mwaka uliofuata jumuiya hiyo yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi: alikuwa amewanyanyasa kingono wanawake waliomwendea kutafuta uongozi wa kiroho, kwa kutumia maneno ya sala. Mwalimu wake mwenyewe, Padre Thomas Philippe, alikuwa amekwisha kuadhibiwa na Roma mwaka 1956 kwa matendo ya namna hiyo. Mwenge nao unaweza kupokezanwa ukiwa na sumu.

Tufanye nini basi? Wapo wanaojibu: tusiwe na mwalimu yeyote, kila mtu na Mungu wake. Jibu hilo tunalisikia hata kwa watu wasomi wanaoshuka likizo kutoka Sumbawanga mjini. Linaonekana la kiungwana, lakini haliendani na Maandiko wala na uzoefu wa Watakatifu. Towashi wa Kushi alikuwa na kitabu cha Isaya mikononi, naye alijua kusoma. Bado alimwomba Filipo apande garini akamweleze. Paulo alianguka njiani kwa mwanga wa Kristo mwenyewe, na bado aliambiwa aingie mjini akangoje, mpaka Anania amwekee mikono. Kama Bwana alitaka kutufundisha kila mmoja moja kwa moja, kwa Paulo alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuanza.

Mfano tunaoupenda kuliko yote umo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya tatu. Kijana Samweli alalapo hekaluni anaitwa kwa jina, na mara tatu anamkimbilia Eli. Eli ni mzee, macho yamefifia, wanawe wamemshinda, na hukumu ya nyumba yake imekwisha kutamkwa. Ni mwalimu mbovu, twaweza kusema. Lakini usiku ule alifanya kazi yote ya mwalimu wa roho kwa ukamilifu. Kijana alipomjia akidhani sauti ile ni yake, hakuikubali heshima hiyo. Alimwambia kwamba si yeye aliyeita. Alipotambua ni nani aliyeita, alimfundisha namna ya kujibu, kisha akamrudisha akalale peke yake mbele za Bwana. Hakumfuata ili asikilize. Asubuhi aliomba aambiwe ukweli, na ukweli ulipokuwa dhidi yake, aliupokea.

Hapo ndipo tunapoachana na yale mapokeo ya Kihindi yanayomwabudu mwalimu kama Mungu aliye hai. Siyo mapokeo yote ya Kihindi husema hivyo, kama tulivyoona, lakini mengi husema. Sisi twakiri Mpatanishi mmoja, na katika Mathayo sura ya 23 Bwana anawakataza wanafunzi wake kujitwalia majina ya ukubwa, kwa kuwa Mwalimu wao ni mmoja. Ndiyo maana Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyekuwa mwongozi mkuu wa roho katika karne ya 16, aliwaonya kwa ukali waongozi wanaojidhania wao ndio watendaji. Kwake, mwongozi asiyejua kazi yake ni kipofu wa kwanza kati ya vipofu watatu wanaoweza kuipoteza roho, pamoja na shetani na roho yenyewe. Mtakatifu Teresa wa Avila, rafiki yake, alipendelea mwongozi mwenye elimu kuliko mwenye uchaji bila elimu. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 630, inawakataza wakuu wa mashirika ya kitawa kuwashawishi walio chini yao wawafunulie dhamiri zao. Mtawa humfunulia amtakaye, kwa hiari. Anayekuamuru mambo ya nje hana haki ya kukudai mambo ya ndani. Twaona sheria hiyo inafanya kazi ileile iliyofanywa na uamuzi wa mwaka 1708: inakifunga kiti.

Kwa hiyo kwa kijana anayeuliza, jibu letu ni hili. Kuketi kimya, kutuliza pumzi, kurudia jina takatifu, si dhambi. Barua ya Roma juu ya sala ya Kikristo, ya tarehe 15 Oktoba 1989, ilikubali kwamba yaliyo mema katika njia za namna hiyo yaweza kutumika, ili mradi sala ibaki kuwa mazungumzo na Mungu aliye Nafsi, siyo kuzama ndani ya nafsi yako. Mtawa Mbenedikto Bede Griffiths aliishi hivyo huko Shantivanam, kusini mwa India, hadi alipofariki mwaka 1993. Lakini mwalimu aliye ndani ya simu hakufahamu. Hajui kwamba umegombana na mama yako, kwamba una deni la mbegu, kwamba ulikunywa juzi. Wahindu wenyewe wangekuwa wa kwanza kukuambia kwamba yule unayemtazama kiooni huketi karibu naye.

Hata hivyo, hofu yetu kubwa hapa bondeni si guru wa simuni. Ni wale wanaokuja kwa pikipiki. Wanajiita nabii, mtume, wakati mwingine daktari. Wanahubiri sokoni, wanauza maji na mafuta yaliyoombewa, wanatambua mchawi wa ukoo. Watu husema kwamba jina Sumbawanga lenyewe maana yake ni kutupa uchawi, nasi twaona jinsi hofu hiyo ilivyo mtaji kwa mtu mwerevu. Tumeona nyumba ikiuza magunia ya mpunga ya akiba ili kulipia maombi, na tumeona dada na kaka wasiosalimiana kwa sababu mgeni wa siku mbili alimnyoshea mmoja wao kidole. Mgeni alikwisha kuondoka. Huyo anatoza bei ambapo Makindu hawatozi. Anakuita faraghani, akiwafukuza ndugu zako nje. Hana mwalimu aliyemlea ambaye waweza kumwendea kumshtaki. Na kila unapomrudia unarudi ukiwa na hofu zaidi.

Ukanda huu umewahi kupata mwalimu wa namna nyingine. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa uganga wa kizungu huko Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Alikaa hapo zaidi ya miaka 60, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa hapo, akazaa, na mwanawe akawa padre. Hakuwa padre yeye. Alikuwa katekista. Waliomwendea na kidonda walimkuta, na waliomwendea na swali walimkuta, mwaka baada ya mwaka, mlango uleule, na kila aliyetaka kujua maisha yake aliweza kuyaona kwa sababu aliishi mbele ya macho ya watu.

Mwalimu wa kuketi karibu naye, wapendwa, kwa wengi wenu hatakuwa padre. Mapadre ni wachache, vigango viko mbali, na mvua zinapokatisha njia, Misa husubiri. Atakuwa katekista wenu, au yule mama wa Jumuiya ambaye kila mtu humwendea na neno lake halitoki nje. Nasi tunasema wazi kwamba tunawatendea makatekista isivyo haki. Kwa sare mpya ya kwaya michango hupatikana kwa wiki tatu. Kwa katekista anayetembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, anayezika wafu wetu na kukesha na wagonjwa wetu, tunatoa debe la mahindi na shukrani ya mdomo. Kisha tunashangaa kwamba vijana wake hawataki kumrithi, na kwamba mwenye pikipiki amepata nafasi.

Baraza la Walei limekubali kulijadili jambo hili Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Pendekezo lililoko mezani ni kila Jumuiya kulima kwa zamu shamba la mpunga la katekista wa kigango chake, siku mbili za kupanda na siku mbili za kuvuna, na mazao yote yawe yake. Viongozi wa Jumuiya waje na hesabu ya watu watakaofika na majembe, kwa kuwa mvua za kwanza hazitatusubiri.